Vipindi vya mikoko kwa Darasa la Tano bila bajeti: nianzie wapi?

Mwalimu_Pangani

Habari zenu, walimu wenzangu. Nafundisha Sayansi Darasa la Tano katika kijiji kilicho ukingoni mwa mto, wilaya ya Pangani. Ukitoka darasani na kuipita minazi ya jirani, unakanyaga tope la mikoko. Wanafunzi wangu ni 58. Mwalimu mkuu amenikubalia vipindi viwili vinavyofuatana kila wiki, nje ya darasa, mpaka muhula uishe. Fedha hakuna. Nina kamba, madaftari, chaki na watoto ambao wengi baba zao ni wavuvi.

Nisichokitaka ni siku moja ya kupanda miche, kupiga picha na kutawanyika. Hapa kijijini walikuja wageni, wakapandisha watoto miche ya mkoko kwenye tope tupu la mbele kabisa, kule bahari inakoanzia. Yote ikafa. Watoto mpaka leo wananiuliza imekufa kwa nini, na nataka wapate jibu kwa macho yao, wasipewe na mimi ubaoni.

Jambo la pili ni wazazi. Wapo wanaosema mtoto kaletwa shule asome, hakuletwa kuchezea tope. Na wapo wanaoishi kwa kuni na boriti za humo humo msituni. Sitaki mtoto arudi nyumbani akamwone baba yake mhalifu. Mwenye vipindi alivyovifundisha kweli, naomba anieleze.

MamaKitalu_Gazi

Mwalimu, pole na hongera kwa pamoja. Niko Gazi, Kwale, huku Kenya, nimefundisha shule ya msingi miaka mingi na sasa napeleka watoto mikokoni.

Usianze na mti, anza na mwezi. Pwani yetu hii, siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi. Huo ndio wakati wako wa kuingia. Kila siku inayofuata maji huchelewa kiasi cha dakika 50, kwa hiyo juma la maji mafu, yanapopwa kidogo tu, baki shuleni mfanye hesabu na michoro. Chomekeni mti wenye alama za shubiri pale maji yanapofika, na kila mtoto apewe zamu ya kuandika maji yamefika alama gani na saa ngapi. Usiwaambie habari ya zile dakika 50. Waache waione wenyewe kwenye daftari. Watoto wa wavuvi wataiona upesi, na siku hiyo utajua nani darasani alikuwa kimya kwa sababu vitabu havikuwahi kumuuliza anachokijua.

Kipindi cha kwanza msituni, mizizi tu. Mikoko ni ya aina nyingi. Mkoko wenyewe umesimama kwa miguu mingi juu ya tope. Mchu mizizi yake huchomoza wima kama penseli. Mui mizizi yake hupinda magoti. Mlilana nao hutoa mizizi minene iliyochongoka juu. Wachore, na waulize: kwa nini mizizi itoke nje? Fukua tope kidogo, wanuse. Ile harufu ya yai viza ndiyo jibu: chini humo hewa haipiti, mti unapumulia juu. Halafu kila mmoja aguse ulimi kwenye jani la mchu. Lina chumvi, maana mchu huitoa chumvi kupitia majani. Sijaona bango lolote linalofundisha hilo vizuri kuliko ulimi wa mtoto.

Sasa ile miche iliyokufa. Hicho ndicho kifaa chako bora kuliko vyote, mwalimu. Wapeleke pale pale ilipofia. Pimeni kina cha maji yakijaa kwa ule mti wa alama, muone tope lile linafunikwa saa ngapi kwa siku. Tazameni ni mti gani ulioota wenyewe karibu zaidi na bahari. Kwa kawaida ni mlilana, au mchu. Mkoko kwao ni nyuma kidogo, na mkandaa, aina nyingine, nyuma zaidi. Mahali pasipoota kitu pana sababu yake: maji ni mengi mno, au mawimbi, au njia ya maji imezibwa. Mtu anayepanda kabla ya kuuliza sababu hiyo anapoteza mbegu na anawavunja watoto moyo. Hili naliona sehemu nyingi na linaniuma, kwa kuwa mikoko mingi hurudi yenyewe njia ya maji ikifunguliwa na mbegu zikiwa karibu.

Kuhusu wazazi, waeleze la kwetu. Tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko kwa mradi wa Mikoko Pamoja, wanauza hewa ya ukaa, yaani wanalipwa kwa ukaa ambao miti imeuhifadhi, na fedha zimeingia kwenye maji ya kijiji na shule. Mwaka 2017 wakapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Lakini usiwaahidi watoto fedha! Waonyeshe kazi yenyewe ya kukadiria ukaa huo. Miti inapimwa unene kwenye kimo cha mita 1.3, na mkoko unapimwa juu ya mzizi wa juu kabisa. Zungusha kamba, gawa kwa 3.14, umepata kipenyo. Mwalimu wa Hisabati wa Darasa la Saba atakushukuru.

FundiDau

Mwanangu mwalimu, hilo la baba na mtoto limenigusa. Mimi nimechonga madau, mataruma yangu, zile mbavu za dau, ni ya mlilana, na marehemu baba alikata boriti. Usitufiche, tuite darasani.

Mpe mzee mmoja kipindi kimoja awaeleze watoto fito, pau, boriti na nguzo, kila moja unene wake na kazi yake. Awaeleze majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi Uarabuni na kusi yakiwa yamejaa boriti, maana kule mti wa kuezekea ulikuwa haba. Kisha uwapeleke Pangani mjini kwenye nyumba za mawe, wapime upana wa vyumba. Watakuta vyembamba, kama mita mbili na nusu hadi tatu, kwa kuwa dari ilikaa juu ya boriti na boriti haikufika mbali zaidi. Mtoto akishapima hivyo, anajua mti huu ulijenga mji. Sasa muulize: mti wa unene ule uko wapi leo? Atatafuta kwa siku nzima. Wazee wanajua walikokuwa wakiikata na walikoacha, na jibu hilo likitoka kinywani mwa mzee halimtukani mtu.

Kamati_Mazingira_Tanga

Mwalimu, kabla ya yote: mikoko yote Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi, chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Andika barua kupitia kwa mwalimu mkuu na serikali ya kijiji, ieleze kuwa mnakwenda kuangalia na kupima, na mkitaka kupanda ombeni tena. BMU yenu, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, nayo ijue, wale ndio walio majini kila siku.

Watoto 58 kwa mara moja ni wengi mno topeni. Gawa nusu kwa nusu, na kila watoto kumi wawe na mtu mzima mmoja, ikiwezekana mama anayeokota kaa, maana anajua tope lipi linabeba na lipi linazamisha. Viatu vya kufunga, maji ya kunywa, na mtoke maji yanapoanza kugeuka, si yanapofika miguuni.

Mwalimu_Pangani

Ahsanteni sana. FundiDau, shikamoo, nimeshaongea na mzee mmoja wa ng'ambo ya mto na amekubali. Barua naiandika kesho. MamaKitalu, swali moja: tukipata ruhusa ya kitalu kidogo, tuanze na mbegu gani?

MamaKitalu_Gazi

Mkoko na mkandaa, mwalimu, kwa kuwa mbegu zake huanza kuota zikiwa bado mtini. Chukueni zinazobanduka zikiguswa tu, au zilizoanguka zikiwa bado nzima. Ichomeke wima, ncha iliyochongoka chini, theluthi moja ndani ya tope, basi. Si lazima viriba, ile mifuko ya kuoteshea miche. Mchu unahitaji kazi zaidi: mbegu ilale kwenye maji mpaka ngozi ivuke, ndipo iwekwe kwenye kiriba cha tope, mahali pa kivuli panapofikiwa na maji.

Mkipata mbegu yenye tundu dogo, msiipande wala msiitupe. Ipasueni mbele ya darasa. Mdudu aliyeitoboa huenda bado yumo, na watoto watataka kujua alikuwa anakula nini.