Naomba ushauri: maumivu ya magoti ya mama

Habari wakuu. Mama yangu, miaka 63, magoti yanamuuma mwaka wa nne sasa. Daktari alisema gegedu, ile tishu laini inayokinga ncha za mifupa kwenye goti, imelika. Kila kliniki anaulizwa maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10, naye hujibu 8 hata siku aliyotembea mwenyewe hadi sokoni. Nimesoma kuhusu dodoso la WOMAC, la kupima hali ya wagonjwa wa magoti na nyonga, lililotungwa Kanada mwaka 1982: linauliza kupanda ngazi, kuinuka kitini, viungo kukaza asubuhi. Hayo ndiyo maisha yake! Kuna aliyelitumia kwa Kiswahili? Na mazoezi ya kuimarisha mapaja, wagonjwa wenu walipata nafuu baada ya muda gani? Anameza diklofenaki, dawa ya maumivu, karibu kila siku, na ana presha. Naogopa sana dawa hiyo isije ikamdhuru.