Tupeane uzoefu: benchi la plaiwudi la kufungua na kubeba, nani kalitumia kwa kazi za kweli?

Mwanzisha Uzi

Wakuu, habari za kazi.

Swali langu ni kwa maseremala, wanaoishi kwa kazi hii na wanaoifanya kujifurahisha. Siku hizi kila ninapogeuka nakutana na picha za benchi la plaiwudi la vipande: uso ni maboksi mawili matatu mepesi yenye matundu ya kuchomeka vigingi na vyuma vya kubana kazi, miguu inachomoka, vipande vinafungwa kwa bolti, mtu mmoja anabeba kwapani. Kwenye picha linavutia. Tatizo ni kwamba kwenye picha hakuna anayeranda.

Natanguliza msimamo wangu ili mnipinge vizuri. Naona benchi hili linamfaa anayekata, kutoboa na kuunganisha kwa mashine, na ni kero kwa anayeishi na randa na patasi. Halafu nahisi wengi wakishalifunga mara ya kwanza hawalifungui tena, kwa hiyo wamejitesa kutengeneza viungo vya bure.

Aliyeangalia video tu apumzike kwanza. Aliyelitumia aseme analifanyia kazi gani, linamsumbua wapi, na kama kweli analifungua.

Mfunga Makabati

Mkuu, mimi nalifungua kila wiki, maana kazi yangu iko majumbani mwa watu. Nafunga makabati ya jikoni na ya nguo, na benchi langu linapanda ngazi kuliko mimi.

Uso ni maboksi mawili, kila moja sentimita 60 kwa 120. Juu na chini ni plaiwudi ya mm 12, katikati kuna mbavu za plaiwudi hiyohiyo zenye kimo cha sentimita 10, zimegundishwa zote. Boksi moja lina kilo 13 hadi 15 kutegemea aina ya plaiwudi, na ukichonga madirisha kwenye mbavu linapungua zaidi. Linganisha na karatasi nzima ya mm 18, ile ya 1220 kwa 2440: ya mbao nzito kama birch inafika kilo 35 hivi. Hiyo huipitishi kwenye kona ya ngazi ukiwa peke yako.

Watu huogopa kwamba boksi jepesi litapinda. Halipindi. Ugumu wa ubao unakua kwa mchemraba wa unene, kwa hiyo ngozi mbili nyembamba (plaiwudi ya juu na ya chini) zilizoachana sentimita 10 na kushikwa na mbavu zinashinda ubao mmoja mnene unaokuvunja mgongo. Sharti ni gundi ishike kila mahali na siku ya kugundisha ulaze boksi kwenye sehemu iliyonyooka kabisa. Likikauka likiwa limejipinda, limejipinda milele.

Kinachonisumbua ni sakafu. Nyumba ambayo haijamalizika haina sakafu iliyonyooka, na maboksi mawili kwenye miguu minne minne yanakataa kulingana usawa. Dawa yangu: miguu iwe na bolti za kurekebisha kimo chini, na maboksi yaungwe kwa bolti mbili pamoja na vigingi viwili vya mbao ngumu. Vigingi ndivyo vinavyoleta usawa, bolti inavuta tu. Ukiiachia bolti kazi zote mbili, pale kwenye kiungo kutakuwa na ngazi ya milimita moja, na hiyo milimita utaiona kwenye kila mlango utakaoupiga gundi.

Randa ya Mkono

Nimesoma maelezo ya mkuu hapo juu na nayaheshimu. Ila yeye anakata na kufunga. Mimi naranda, na hapo hesabu inabadilika.

Uzito wa mbao na mashine unashuka chini, na hata meza nyepesi inauvumilia. Randa inasukuma kwa ubavu, tena kwa nguvu ya mwili mzima, mpigo baada ya mpigo. Benchi la kilo 30 linatembea chumbani kama mbuzi aliyekatika kamba. Benchi la mbao nzito la kizamani linapita kilo 100, na uzito ule haukuwa ujinga wa wazee.

Nililo nalo sasa ni la plaiwudi na nimelilazimisha kuranda. Haya ndiyo yaliyosaidia, kwa mpangilio wa faida.

La kwanza na kubwa ni ukuta. Kichwa cha benchi kiegemee ukutani na urande kuelekea ukuta. Nusu ya malalamiko ya watu yangeisha hapo, na haigharimu kitu.

La pili, miguu iwe mbao za plaiwudi pana, si nguzo nne. Nguzo zinayumba kwenye viungo kwa sababu mstatili wa vijiti unaweza kulala upande. Karatasi ya plaiwudi haiwezi kulala, tabaka zake zimepishana nyuzi na zinakataa. Kwa hili plaiwudi inaishinda mbao ya kawaida, na sijui kwa nini watu wanatengeneza uso wa plaiwudi halafu wanaweka miguu ya fito.

La tatu, rafu ya chini yenye mzigo. Mifuko ya mchanga inatosha. Ukihama unaiacha au unaimwaga.

Baada ya yote hayo linaranda mbao za kawaida vizuri. Mbao ngumu yenye nyuzi za kupinda bado inalitikisa. Patasi ni hivyohivyo: pigia juu ya mguu, usipigie katikati ya boksi. Katikati ya boksi ni ngoma, nyundo inadunda na nguvu inapotea.

Bolti Imepotea

Mimi naongeza moja tu. Kila kitu kinachochomoka kitapotea. Nati zikae ndani ya plaiwudi moja kwa moja, zile zenye meno zinazogongewa kwa nyuma, na bolti iwe na kishikio cha mkono ili spana isihitajike. Siku utakayofika kazini bila bolti moja ndiyo utajua benchi lako lina vipande vingapi.

Chumba Kimoja

Naishi na kufanyia kazi kwenye chumba kimoja, si fundi wa kulipwa. Kwangu suala la kubeba halipo, suala ni kupotea. Saa mbili usiku benchi lazima lisionekane.

Nilianza na mpango wa vipande vitatu. Nilichogundua ni kwamba vipande viwili vimekuwa vikikaa pamoja muda wote, na cha tatu ndicho kinachofanya kazi ya maana: ni kiboksi kifupi chenye jiliwa (kibanio cha kushika kazi), nakibana juu ya benchi nikitaka kukata viungo, kazi inapanda karibu na kifua na mgongo haulalamiki. Kwa hiyo mwanzisha uzi ana nusu ya ukweli. Watu hawafungui uso. Kubadilisha kimo wanabadilisha, na hapo ndipo vipande vinajilipa. Kuranda kunataka benchi la chini, karibu na kifundo cha mkono ukisimama umenyoosha mikono. Kukata viungo kunataka juu zaidi. Kuunganisha kabati kunataka chini kabisa, karibu na magoti, la sivyo unapanda kiti. Benchi zito lina kimo kimoja maisha yake yote. Langu lina miguu seti mbili, na zote zinalala bapa nyuma ya kabati.

Mzee wa Zamani

Vijana, kubeba benchi hakukuanza na plaiwudi. Mabenchi ya Warumi yalikuwa mbao moja ya chini yenye miguu ya kuchomeka, fundi anakalia kazi yake mwenyewe na uzito wa mwili unakuwa jiliwa. Na ile Workmate, benchi la kukunja la Black & Decker, iliyouzwa kuanzia miaka ya 1970, ilibuniwa na Ron Hickman, mzaliwa wa Afrika Kusini ambaye kabla ya hapo alisanifu gari la Lotus Elan. Wazo lilimjia baada ya kuharibu kiti kwa msumeno, alikuwa anakitumia kama benchi. Kampuni ilimkatalia mwanzoni.

Angalieni alichokiweka mbele. Uso wa Workmate ni mwembamba, na huo uso wenyewe ndio jiliwa. Pia ina mahali pa kukanyaga, uzito wako unaishikilia chini. Hickman alijua benchi jepesi haliwezi kushindana kwa uzito, kwa hiyo alikopa uzito wa fundi. Nyinyi wenye maboksi ya plaiwudi mnahangaika na matundu ya kupendeza kabla hamjajibu swali la kwanza: kazi itashikwaje? Ukuta, jiliwa, kigingi, mguu wako mwenyewe, chagua kimoja kabla hujakata karatasi.

Kingo na Tabaka

Hakuna aliyezungumzia plaiwudi yenyewe, na ndiyo inayoamua kama benchi litadumu.

Skrubu ukingoni ni balaa. Inaingia katikati ya tabaka na kuzipanua, ukifunga na kufungua mara kadhaa tundu linakuwa legevu. Kiungo kinachofunguliwa kila mara kisitegemee skrubu ya ukingoni hata kidogo. Tumia bolti inayopita ubapa mzima, au nati ya silinda iliyolazwa kwenye tundu lake.

Gundi ya ndani ya plaiwudi nayo iulizie kabla ya kununua. Kuna zilizogundishwa kwa gundi isiyostahimili maji na zilizogundishwa kwa gundi ya fenoli inayostahimili. Benchi linalobebwa nje litanyeshewa siku moja, upende usipende. Ziba kingo zote kwa vanishi, hata za ndani ya matundu, kwa sababu maji hayaingilii usoni, yanaingilia kwenye kingo zilizokatwa. Na plaiwudi rahisi ina mashimo yaliyojificha kati ya tabaka. Tundu la kigingi likiangukia kwenye shimo hilo, ukuta wake unabomoka.

Ukilihifadhi, lilaze bapa au lisimamishe wima kabisa. Kuegemeza kwa mshazari ukutani kwa miezi kunalipinda.

Mwanzisha Uzi

Wakuu, nimepata zaidi ya nilichotafuta. Mzee wa Zamani, swali lako limeniuma kidogo, nimelipata.

Nibakize moja. Uso: boksi la ngozi za mm 12, au tabaka mbili za mm 18 zilizogundishwa? Na matundu, mm 19 au mm 20?

Randa ya Mkono

Ukiranda, tabaka mbili za mm 18, nyuzi za juu zifuate urefu wa benchi. Zikigundishwa vizuri unapata ugumu mara nane ya karatasi moja. Ukizifunga kwa skrubu tu bila gundi, tabaka zinateleza na unapata kama mara mbili. Halafu vile vyuma vya kubana vya kupigilia kwa nyundo vinataka unene ili vijikabe tunduni. Kwenye ngozi ya mm 12 vinateleza na kutafuna tundu.

Mfunga Makabati

Ukibeba, boksi. Kama unataka chuma cha kupigilia kwenye boksi, gundisha kipande kinene cha mbao ngumu ndani, chini ya tundu husika, kabla ya kufunga ngozi ya pili. Matundu mawili matatu yanatosha, si lazima yote.

Kuhusu kipimo: 19 ni inchi robo tatu, ndicho cha vigingi vingi vya mtindo wa zamani. 20 ndicho cha meza za Festool, kampuni ya zana za useremala, matundu yamepishana mm 96, na vifaa vingi vya kubana vya siku hizi vinafuata hapo. Usichanganye. Kigingi cha 19 kwenye tundu la 20 kinacheza, na ukikitegemea kupata pembe mraba utapata pembe ya kigingi. Angalia vifaa ulivyonavyo tayari, ndivyo vikuchagulie.

Bolti Imepotea

Na utoboe kwa ruta (mashine ya kuchonga mbao) na kielekezi, usitoboe kwa keekee ya mkono. Weka kipande cha mbao chini, la sivyo tabaka la mwisho linachanika ukitokeza upande wa pili.

Mwanzisha Uzi

Sawa. Natengeneza kipande kimoja kwanza, tabaka mbili za mm 18, sentimita 60 kwa 120, miguu ya plaiwudi pana, kichwa ukutani, matundu ya 20. Maboksi ya kubeba yatasubiri nipate kazi ya kunitoa nje. Mwenye picha ya kiungo cha miguu kinachofunguka bila spana aiweke hapa, tafadhali.