Ni lini hasa muziki wa klasiki wa Ulaya ulipogeuka?

Mwalimu wa Kwaya, Kinondoni:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha kwaya ya usharika hapa Dar es Salaam, na waimbaji wameniomba niwaeleze historia ya nyimbo za Ulaya tunazoimba. Kitabu nilichonacho kinasema kipindi cha baroko, mtindo wenye mapambo mengi, kilianza 1600 kikaisha 1750, mwaka aliofariki mtunzi Mjerumani Bach, kana kwamba watunzi waliamka asubuhi wakakuta zama nyingine mlangoni. Je, ni mabadiliko gani hasa yaliyougeuza muziki huo?

Besi wa Temeke:
Ndugu Mwalimu, 1750 ni kigingi walichokipigilia wanahistoria waliokuja baadaye. Opera (mchezo wa kuigiza unaoimbwa) fupi ya kuchekesha ya mtunzi Pergolesi, *La serva padrona*, yenye mtindo mwepesi uliokuja kutawala, ilionyeshwa Naples mwaka 1733, Bach akiwa hai na akitunga.

Mimi ningeanza na Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia wa karne ya 11. Kabla yake, alama nyingi zilizoandikwa juu ya maneno zilionyesha tu kwamba sauti inapanda au inashuka, bila kusema ni kwa kiasi gani, hivyo asiyewahi kuusikia wimbo hakuweza kuuimba. Guido alizipanga alama hizo kwenye mistari na katikati ya mistari, kisha akachukua silabi ut, re, mi, fa, sol, la kutoka wimbo wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao vipande vyake sita vya mwanzo huanza kila kimoja sauti moja juu ya kilichotangulia. Alijigamba kwamba elimu iliyomchukua mwimbaji miaka 10 sasa ingepatikana kwa mmoja, au miwili ikizidi sana. Hizo d, r, m unazoandika ubaoni ni wajukuu wa silabi zake (ut baadaye ikawa do), ingawa aliyezieneza kwa herufi ni John Curwen wa Uingereza, katika karne ya 19.

Alto Mstaafu:
Ninaafiki, ila nakala za mkono zilikuwa chache na ghali. Ongeza Petrucci wa Venice, aliyechapa nyimbo za sauti nyingi mwaka 1501 kwa kupitisha karatasi ileile mashineni zaidi ya mara moja, ili nota zikae sawasawa juu ya mistari.

Mpiga Kinanda:
Ndugu zangu, mnazungumzia karatasi tu. Msikilizaji wa Vienna aliyehudhuria simfonia (utungo mrefu wa okestra) ya tatu ya Beethoven mwaka 1805 alikaa karibu dakika 50 kwa kazi moja, ilhali simfonia nyingi za Haydn, mtunzi aliyemtangulia, zilikwisha ndani ya nusu saa. Hapo kilichogeuka ni usikilizaji wenyewe.

Mwalimu wa Kwaya, Kinondoni:
Nimewaelewa, na Beethoven nitamfikia. Jumamosi nitaanza na Guido: nitawapa wimbo wasioujua, nitoe sauti ya do pekee, kisha ninyamaze nione watafika wapi.