GLNCY na GLNCF: ipi ni hisa, ipi ni cheti?

MwanaKatuba (Lubumbashi)
Wandugu, jambo. Nina akaunti ya dola kwa dalali wa nje. Nikitafuta Glencore, wale wa mgodi wa KCC kule Kolwezi, programu inatoa GLNCY na GLNCF. Bei ya GLNCY ni karibu mara mbili ya GLNCF. Kampuni ni moja, mbona bei mbili? Tena nasikia Argentina na Brazili watu wananunua Apple kwa pesa ya kwao, kwa vyeti. Vya franga havipatikani huku?

HesabuHimbi (Goma)
Angalia herufi ya mwisho. Kwenye soko la OTC la Marekani, yaani biashara nje ya soko rasmi la hisa, jina la herufi tano likiishia Y ni cheti cha amana, ADR; likiishia F ni hisa yenyewe ya kampuni ya kigeni. GLNCY moja inabeba hisa 2 za Glencore za soko la London. Hauibiwi.

Hisa zinakaa kwa benki mtunzaji kwao zilikotoka, na benki ya amana ya Marekani inatoa vyeti juu yake. Cheti kinaweza kuvunjwa kikarudi kuwa hisa, na hisa ikageuzwa cheti. Ndiyo maana bei mbili haziachani sana.

Kabla ya kununua piga hesabu. London inaandika bei kwa peni. Tuseme 300, na pauni ni dola 1.30: 3 × 1.30 × 2 = dola 7.80. Ukiona 8.40, usiguse. Nunua masoko yote mawili, London na Marekani, yakiwa wazi: kwa saa za kwetu ni saa 9:30 hadi 11:30 jioni majira ya joto ya kwao, saa 10:30 hadi 12:30 majira ya baridi. Na weka bei ya kikomo, yaani ya juu kabisa unayokubali kulipa, kila mara, maana OTC wauzaji ni wachache na oda ya "bei yoyote" inakwenda kuokota bei mbaya.

Vya franga, hapana. Vyeti vile, CEDEAR za Argentina na BDR za Brazili, vinauzwa kwenye masoko ya hisa ya kwao. Kongo hatuna soko la hisa.

Mama_Kadutu (Bukavu)
Kaka Hesabu, hapo kwa bei kutoachana nakupinga kidogo. Cheti cha TSMC, kampuni ya chipu ya Taiwan, bei yake New York imekaa muda mrefu juu ya ile ya hisa zake Taipei, kwa sababu Taiwan hairuhusu mtu kugeuza hisa kuwa cheti hivihivi. Mlango ukifungwa upande mmoja, pengo linabaki.

Uwiano nao usiukisie: TSMC cheti 1 ni hisa 5, Alibaba 8, Toyota 10.

Gawio ndipo watu wanalalamika. Gawio la TSMC linakatwa kodi ya 21% Taiwan kwanza, halafu benki ya amana inatoa ada yake, mara nyingi senti 1 hadi 5 kwa cheti. Vyeti 40 kwa senti 2 ni dola 0.80. Kampuni isiyotoa gawio? Ada inachotwa kwenye salio lako, na ukiacha sifuri utakuta deni. Ile kodi ya 30% ya Marekani ni ya gawio la kampuni za Marekani, haihusu TSMC. Fomu ya W-8BEN, ile ya kuieleza Marekani kwamba wewe ni mgeni kwa kodi, ijaze hata hivyo. Inakwisha tarehe 31 Desemba ya mwaka wa tatu baada ya ule uliosaini.

MwanaKatuba
Aksanti mama. Benki ya amana ikifunga vyeti?

HesabuHimbi
Inatoa notisi. Ama unavunja upate hisa, ada mara nyingi ni hadi senti 5 kwa cheti, lakini dalali wako lazima awe na njia ya kufika soko la kule. Ama unangoja benki iuze hisa ikutumie dola. Mwaka 2022 vyeti vya Warusi, Gazprom na Sberbank, vilikwama: wengi hawakuweza kuvunja wala kuuza.

Ukihamia Ivanhoe, wale wa mgodi wa Kamoa-Kakula, jina lao la OTC, IVPAF, linaishia F. Hiyo ni hisa ileile ya Toronto, haina ada ya amana.