Jina la faili kutoka kwa inodi ndani ya kerneli ya Linux, lapatikana wapi?

fundi_langoni: Asalaam aleikum wakuu. Niko Lamu, naandika LSM (moduli ya usalama ya Linux) ndogo nimeikompaili ndani ya kerneli (kiini cha mfumo), kazi yake irekodi nani anafungua skani za hati za kale tulizonazo kwa seva. Nimejishika kwenye inode_permission (pale ruhusa zinapokaguliwa) lakini pale napewa inodi tu, yaani rekodi ya kerneli kuhusu faili, nikiprinti namba yake i_ino natoka na 131842, sasa mzee mwenye hati akiniuliza ni karatasi gani iliyofunguliwa nimtajie namba? Nimeipekua struct inode yote sioni jina.

kasikazi_malindi: Waaleikum salaam. Huoni kwa sababu halimo kabisa. Inodi yabeba mwenye faili, ruhusa, saizi, saa na data ilipo kwenye diski, jina limeandikwa kwenye folda. Ndio faili moja laweza kuwa na majina matatu kwa hadilinki (majina ya ziada ya faili lile lile), kama mtu ambaye kwenye kitambulisho ni Mohamed na mtaani ni Mudi. Ndani ya kerneli kinachounganisha jina na inodi ni dentri (directory entry, yaani kiingilio cha folda), jaribu d_find_alias(inode), ikikupa dentri ipeleke dentry_path_raw, halafu dput ya kuiachilia dentri usiisahau.

fundi_langoni: Maashallah imeshika! Ila saa zingine narudishiwa NULL (tupu), na njia haianzi na /mnt/hati, inaanzia ndani ya diski yenyewe.

mshoni_wa_kodi: Kaka hama hapo. NULL utaipata faili likishafutwa huku programu bado imelishikilia, na yenye majina matatu utapewa mojawapo tu, pengine silo alilotumia mtu. Tena inode_permission huitwa hata pale kerneli hairuhusiwi kulala (kusimama kungoja), alama yake ni MAY_NOT_BLOCK, na dput yaweza kulala, hapo unatafuta balaa. Wewe unachotaka ni ufunguaji, basi tumia file_open, unapewa file nzima, ndani yake kuna f_path yenye dentri pamoja na maunti (mahali diski ilipounganishwa), d_path(&file->f_path, buf, PATH_MAX) itakupa /mnt/hati na kila kitu. Bafa (nafasi ya kuandikia njia) ya baiti 4096 ichukue kwa kmalloc usiiweke kwenye staki, na uprinti pointa inayorudishwa, sio buf, maana d_path huandika kutoka mwisho wa bafa kurudi nyuma. Cheki kwanza kwa IS_ERR kama imerudisha kosa.

kasikazi_malindi: Kweli kabisa, file_open ndiyo. Na zile namba ulizokwisha kurekodi usizitupe, find /mnt/hati -xdev -inum 131842 itakutolea majina yote yaliyobaki.