Mbegu za nyanya za kupeana: ukarimu au tunagawiana matatizo?

Bahasha
Wakuu, salaam. Kuna jambo limenikaa kooni tangu msimu uliopita.

Nilipewa mbegu za nyanya na mwenzetu mmoja, tulibadilishana. Bahasha ya karatasi, juu yake penseli: "Kubwa, tamu sana". Basi. Hakuna jina la aina, hakuna mwaka, hakuna neno kuhusu mche zilikotoka. Nikasia, nikahamisha miche sita, nikaipa fito za mita mbili na nafasi ya kifalme, maana nilitegemea nyanya za kujaza kiganja. Siku ya kuchuma, naona gololi. Miche yote sita! Na miwili kati yake majani yamekunjamana, yana mabaka ya kijani kilichokolea na kijani kilichopauka.

Swali langu: mtu anayegawa mbegu alizotoa mwenyewe, si aandike japo aina, mwaka, na kama mche mama ulikuwa chotara? Na kama hajui, si azile tu nyanya zake atuache? Siku hizi kila mtu mgawaji, hasa hawa ndugu zetu wa ndoo za rangi kibarazani. Mche mmoja, nyanya nne, kesho anagawa mbegu dunia nzima.

NdooSaba
Nimesoma vizuri mpaka nilipofika kwenye ndoo. Hapo nikaweka kikombe chini.

Mkuu, ndoo imekukosea nini? Mbegu inajua imezaliwa kwenye ndoo? Nina ndoo saba, mwaka wa tano huu, kila moja ina jina kwa rangi ya mafuta ubavuni, na mbegu zangu naziandika hadi tarehe niliyochuma tunda. Wewe mwenye shamba la kifalme ndiye uliyepanda kitu usichokijua halafu unalia.

JembeButu
Hahaha, uzi umeanza vizuri.

Mimi naona mleta mada ana hoja ila kaiharibu mwenyewe. Suala ni chotara. Mbegu ya chotara ukiitoa na kuipanda haioti, wametengeneza makusudi ili urudi kununua.

Chavua
@JembeButu hapana, na hili lifike mwisho leo. Mbegu ya nyanya chotara inaota vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba watoto hawafanani. Mche chotara una wazazi wawili tofauti, kwa hiyo ukipanda mbegu zake kila mtoto anachukua mchanganyiko wake. Mfano rahisi: nyama nyekundu inaitawala ya njano. Chukua chotara wa nyekundu na njano, tunda lake ni jekundu. Panda mbegu zake nyingi, karibu robo ya miche itakuletea njano. Hakuna aliyekuroga, hakuna aliyetegesha.

JembeButu
Sawa mwalimu. Lakini nilipanda, hazikuota.

Chavua
Ulizikausha wapi?

JembeButu
Juu ya jiko.

Chavua
Asante.

MamaKitalu
Wanangu, tulieni. Bahasha mwanangu, nakuuliza: zote sita zilikuwa gololi, na zinafanana? Rangi moja, umbo moja?

Bahasha
Shikamoo Mama. Ndiyo, zinafanana kama zimetoka kiwandani. Nyekundu, mviringo.

MamaKitalu
Marahaba. Basi hapo nyuki hana kesi. Ua la nyanya linajichavusha lenyewe, kile kijiti cha kike kwa aina nyingi kimefichwa ndani ya bomba la chavua, hata hakichungulii. Aina chache, hasa za zamani zenye matunda makubwa, kijiti kinatokeza nje, na hizo ndizo zinazochanganyika zaidi. Yuko yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao: analing'ang'ania ua, anavuma hadi chavua inamwagika kama unga. Nimesimama kumtazama mpaka chai ikapoa. Lakini hata yeye angekuharibia mbegu moja moja, asingegeuza sita kati ya sita.

Na huwezi kuujua mchanganyiko kwa kulitazama tunda ulilotoa mbegu. Tunda ni la mama, mtoto yuko ndani ya mbegu. Kwa hiyo aliyekupa huenda hakudanganya, aliona kubwa kweli. Ila mimi nadhani alichanganya bahasha. Siku ya kuosha mbegu una visahani vinane mezani, upepo mmoja, simu moja, visahani vinahama. Yamenikuta.

NdooSaba
Umesikia, mkuu? Visahani. Si ndoo.

Bahasha
Nimesikia. Lakini Mama naye amethibitisha nilichosema: uandishi. Mtu mwenye miche mitatu hana uzoefu wa kuandika, ndilo nililomaanisha na ndoo. Sikutukana mtu.

NdooSaba
"Mche mmoja, nyanya nne." Hilo siyo tusi, ni salamu?

Kimbunga
Wakuu, hili la ndoo lina ukweli kidogo lakini si kwa sababu aliyoitoa. Ukitoa mbegu kwenye mche mmoja mwaka baada ya mwaka, aina inadhoofika. Lazima uwe na miche ishirini.

Chavua
Hiyo ni mahindi. Mahindi yanachavushana shamba zima, ukitoa mbegu kwa machache yanadhoofika kweli. Nyanya imezoea kujichavusha, hata mche mmoja unatosha kuendeleza aina. Miche mingi inasaidia kuchagua ulio bora na kuona wa ajabu ukijitokeza, basi.

NdooSaba
MCHE MMOJA UNATOSHA. Naomba hili liandikwe kwenye ndoo ya nane.

Wakili wa Mtaani
Mbona hakuna anayegusa suala kubwa? Kugawana mbegu ni kosa la jinai. Kuna mkataba wa dunia, mtu akisajili aina ni yake, wewe unayegawa ni mwizi. Nilisoma mahali.

MamaKitalu
Mwizi tena? Nimegawa mbegu tangu kabla hujazaliwa.

Wakili wa Mtaani
Sijakulenga wewe Mama, nasema sheria.

Kimya
Mkataba unaoutaja ni wa UPOV, muungano wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, ulianza Paris mwaka 1961 na toleo linalobishaniwa zaidi ni la 1991. Unalinda aina mpya zilizosajiliwa, na ulinzi una mwisho. Aina za zamani hazina mwenyewe. Halafu toleo hilohilo la 1991 linasema haki ya mgunduzi wa aina haigusi mambo ya mtu binafsi yasiyo ya biashara. Kutoa mbegu kwa bustani yako mwenyewe hakuna anayekukamata kwa mkataba huo. Kumpa jirani ndipo mabishano yanapoanza, na kila nchi imeandika sheria yake. Kwa hiyo neno "jinai" ulirudishe mfukoni mpaka useme nchi gani na aina gani.

Wakili wa Mtaani
Nilisema nilisoma mahali.

Kimya
Nami nimekujibu kwa upole.

Babu Fito
Mnabishana sheria wakati nusu ya aina mnazozipenda zipo kwa sababu watu walipeana bila kuuliza. Cherokee Purple ile nyanya ya zambarau iliyofifia, mnaijua? Mwaka 1990 Craig LeHoullier wa Marekani alipokea mbegu zake kwa posta kutoka kwa mtu wa Tennessee. Haikuwa hata na jina, yeye ndiye aliyelitunga. Kwa masharti ya Bahasha, ingetupwa: haina jina, haijulikani, iliwe tu. Leo inalimwa kila mahali.

Bahasha
Babu, shikamoo, lakini mfano wako unanisaidia mimi. Ile bahasha ilikuja na maelezo! Mtoaji alieleza alipewa na nani, na kwamba inasemekana ilitoka kwa Wacherokee, wenyeji wa asili wa Marekani, miaka mia kabla. Ndiyo maana LeHoullier akapata la kuita. Mimi nimepewa "Kubwa, tamu sana". Hilo ni jina la ng'ombe.

Babu Fito
Marahaba. Hapo umenikamata, nakubali. Ila punguza ukali, anayekupa bure hakudai.

Kimbunga
Tunasahau magonjwa. Mleta mada alisema mabaka na kukunjamana. Huo ni ugonjwa wa rasta, unaambukizwa na mbegu.

MamaKitalu
Rasta kwa kawaida inaletwa na inzi weupe, na majani yanageuka njano pembeni, yanakunjika kama kikombe, mche unadumaa. Mabaka ya vijani viwili ni batobato, ugonjwa mwingine wa virusi. Hiyo ndiyo inayokaa juu ya ganda la mbegu na inasafiri kwa mikono, makasi na kamba za kufungia.

Kimbunga
Si tunachachusha mbegu siku mbili tatu? Ule utando mweupe juu unaua kila kitu.

Chavua
Hauui kila kitu. Kuchachusha kunaondoa ule ute unaozuia mbegu kuota, na kunapunguza baadhi ya bakteria. Kwa bakteria wapo wanaoongeza maji ya moto, nyuzi 50 kwa dakika 25, na lazima uwe na kipimajoto, siyo kidole. Virusi wa jamii ya batobato ni wagumu zaidi. Kuna mmoja aliyeonekana kwanza Israel mwaka 2014 na Jordan mwaka uliofuata, anayeacha mikunjo ya kahawia kwenye tunda. Huyo alizivunja hata aina zilizokuwa na kinga ya batobato ya kawaida, na amesafiri nchi nyingi, kwa mbegu na kwa miche. Mbegu za dukani nazo hazikusalimika, ndiyo maana nchi nyingi zinataka zipimwe. Wewe na mimi hatupimi.

Bahasha
Asante Chavua! Ndicho nilichotaka kisemwe tangu mwanzo. Mtu ananipa virusi kwenye bahasha kwa jina la ukarimu.

NdooSaba
Mkuu, kabla hujasherehekea. Mwezi uliopita uliweka picha ukifunga miche kwenye fito. Nimeirudia sasa hivi. Mkono wa kushoto una kamba, mkono wa kulia una nini?

JembeButu
Uwiiii.

Bahasha
Sigara inahusiana vipi?

Chavua
Batobato ya tumbaku ndiyo iliyowafanya watu waanze kuzungumzia virusi, mwishoni mwa miaka ya 1890, na inaishi kwenye tumbaku iliyokaushwa. Mvutaji anaihamisha kwa vidole. Siwezi kuapa ndiyo iliyokupata, inahitaji kipimo. Lakini miwili kati ya sita, iliyoanza baada ya kufungwa fito… niambie, ile miwili ndiyo uliyoifunga kwanza?

Bahasha
Ilikuwa ya mwanzo kwenye mstari, ndiyo. Haithibitishi kitu.

NdooSaba
Haithibitishi. Ila kibarazani kwangu hakuvutwi.

Babu Fito
Nimevuta miaka arobaini na nyanya zangu hazijawahi kuugua.

MamaKitalu
Babu na wewe usianze. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kuingia bustanini, wote, mvutaji na asiyevuta. Na ile miche miwili ing'oe, usiitupe kwenye mbolea.

Ua la Asubuhi
Samahani naingilia, mimi mgeni humu. Hizo gololi zinazaa sana? Natafuta nyanya ndogo za kuzaa kwa wingi.

Bahasha
Kuzaa zinazaa, siwezi kusema uongo. Kichala kimoja nilihesabu kumi na tisa. Na ni tamu, watoto wanazimaliza kabla hazijafika jikoni.

NdooSaba
Kwa hiyo "tamu sana" ilikuwa kweli. Nusu ya bahasha ilikuwa sahihi.

Ua la Asubuhi
Naomba mbegu basi kaka, hata tano.

MamaKitalu
Asikupe. Mche wenye batobato umekaa mstari mmoja na wenzake, mikono ileile, makasi yaleyale. Mwaka huu zote aziache, apande upya chache mbali, azitazame msimu mzima, ndipo agawe.

Bahasha
Mama, na zile nilizokwisha kugawa?

MamaKitalu
Umegawa?

Bahasha
Kabla ya mabaka kuonekana. Watu wawili tu.

Kimya
Uliandika nini kwenye bahasha, mkuu?

Bahasha
Niliandika "Ndogo, tamu".

JembeButu
Naanguka kwenye kiti.

NdooSaba
Na mwaka?

Bahasha
Sikuandika mwaka. Nitawapigia leo jioni.

Ua la Asubuhi
Sawa, nasubiri msimu ujao. Sina shamba, nina kibaraza tu. Ndoo ya lita ngapi inafaa?

NdooSaba
Ishirini kwa zinazopanda fito, kumi zinatosha kwa zile fupi. Toboa chini kabla ya kujaza udongo, usije ukafanya kama mimi nilivyofanya ya kwanza.