Nimerudi na kadi za watu kutoka kwenye kongamano: niwaandikieje?

Mtafiti wa Ng'ong'ona
Habari za kazi, wanajukwaa. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili hapa Dodoma, na tasnifu yangu inahusu uhifadhi wa unyevu wa udongo katika mashamba ya uwele. Wiki iliyopita niliwasilisha bango kwenye kongamano mjini Morogoro. Profesa mmoja anayefanya kazi Hyderabad, India, aliniomba nimtumie ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti wangu, na mtafiti wa taasisi ya hapa nchini akasema ana takwimu za mvua za miaka mingi ambazo zingenifaa. Je, niwaandikie sasa au nisubiri kidogo, nitumie barua pepe au WhatsApp, na wasipojibu nikumbushe mara ngapi kabla sijawa msumbufu?

Mzee wa Kikuyu
Mwanangu, andika leo, maana mtu aliyeshinda kongamanoni amezungumza na watu wengi mno, na sura yako itamtoka upesi kuliko unavyodhani. Kichwa cha barua kitaje kongamano na mada ya bango lako. Sentensi ya kwanza imkumbushe jambo alilokuuliza mkiwa mmesimama pale. Habari ya kwamba ulifurahi kumfahamu iache, kwa kuwa kila mtu huiandika. Ameomba ikisiri, basi mpe ikisiri, wala usimbebeshe tasnifu nzima, wasifu wako na ombi la ufadhili kwa mara moja. Halafu weka swali moja analoweza kulijibu kwa mistari miwili. Kwa kuwa nyanda za Deccan, ulipo mji wa Hyderabad, zina udongo mweusi mzito kwa wingi, mimi ningemuuliza kama matuta yenye vizuizi vya kukinga maji hufanya kazi huko sawasawa na kwenye udongo wa kichanga kama wetu. Swali la namna hiyo litamwonyesha kwamba unaifahamu kazi yako.

Dada wa Msalato
Nakubaliana na Mzee, isipokuwa kwa huyu wa hapa nchini nisingeanza na barua pepe. Kama alikupa namba yake mwenyewe, ujumbe mfupi wa WhatsApp saa za kazi, wenye salamu, jina lako na chuo chako, hujibiwa mapema zaidi, kisha barua pepe ifuate kwa ajili ya kumbukumbu. Namba ikiwa umeitoa kwenye orodha ya mahudhurio, usiitumie.

Kuhusu kukumbusha, mimi hukumbusha mara moja baada ya wiki mbili, nikijibu juu ya barua ileile ili asilazimike kuitafuta. Lakini angalia pia kalenda ya shamba. Mvua zetu za msimu mmoja huanza kati ya Novemba na Desemba na kuishia Aprili, na katika miezi hiyo mtafiti wa mazao huonekana ofisini kwa nadra. India uwele hupandwa zaidi mwezi Juni na Julai, mvua za monsuni zinapoingia. Ukimya wa wakati huo mara nyingi ni wa mtu aliye shambani, na kumsubiri mwezi mzima si vibaya.

Mtafiti wa Ng'ong'ona
Shikamoo Mzee, na asante sana, Dada. Barua ya profesa nimeshaituma. Je, akiomba takwimu zangu ghafi, nimpe?

Mzee wa Kikuyu
Marahaba. Usimpe kabla msimamizi wako hajaridhia kwa maandishi, na mjibu profesa kwa uwazi kwamba unasubiri ridhaa hiyo. Hakuna msomi atakayeona ajabu. Vivyo hivyo kwa zile takwimu za mvua: kama mwenzako alizipata kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, muulize kwanza anaruhusiwa kuzigawa kwa masharti gani, usije ukajenga sura nzima ya tasnifu juu ya kitu usichoweza kukitaja. Na profesa akionyesha nia ya kuja kufanya utafiti nawe mashambani, mweleze mapema kwamba mtafiti wa kigeni anahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, kwa sababu wageni wengine hukata tiketi ya ndege kwanza, ndipo wanauliza.